Komando Hajabweka Tangu Jumatatu

Komando hajabweka tangu Jumatatu, na mtaa mzima hapa Kinyerezi umeshagundua.

Jabiri wa buchani alisimama chini ya kibao cha MBWA MKALI, akapitisha mfuko wa mifupa juu ya geti kama kawaida yake.

"Bi Rukaiya, mbona Komando kimya? Anaumwa?"

"Koo, mwanangu. Limemkauka."

Bi Rukaiya aliipokea mifupa, akaitia sufuriani na tangawizi, kisha akarudi sebuleni kumsimamia Brightson, kijana fundi wa kompyuta.

"Juzi wameiba ndoo. Jana jogoo. Leo watanibeba mie na mkeka wangu! Nirudishie Komando wangu."

Brightson aliinamia kompyuta. Ni yeye aliyebadilisha mfumo wa kompyuta ya bibi. Ule wa zamani ulikuwa ukijikokota, akauondoa, akaweka mpya wa bure. Kwa kupenda usafi, alichomoa hata waya mmoja mchafu uliopita dirishani. Lakini kwanza aliinakili diski nzima ikawa faili moja kubwa, akaapa, "Hakuna kitakachopotea, bibi."

Sasa bibi hakutaka picha wala barua. Alitaka sauti ya Komando tu.

Brightson alichungulia uani. Mnyororo ulilala mtupu kando ya banda la kuku. Moyo ukamwuma. Kumbe mbwa kafa, aliwaza, na bibi wa watu hana nguvu ya kumwambia mtu.

Alijaribu kulifungua lile faili kubwa. Kompyuta ikakataa: huna ruhusa.

"Ruhusa ya nani tena?" Bi Rukaiya aling'aka. "Si kanunua marehemu mume wangu?"

Brightson akaandika amri, akakosea, akaandika tena. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Bibi alishatawadha, akawa anatembea huku na huku akichungulia geti. Mara faili likafunguka kama kabati la siku nyingi: picha za harusi, kaswida, video za mapishi ya visheti. Chini kabisa, Komando.

Alibonyeza. Spika ndogo ya mezani ikabweka kwa hasira hadi vikombe vikagongana.

"Ndiye!" Bi Rukaiya alishika kifua. "Ndiye Komando wangu!"

Nje, Jabiri alipaza sauti: "Bibi, naona mgonjwa kapata nafuu!"

"Dua zenu, mwanangu!"

Machozi yalimlenga Brightson. Aliushika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, bibi. Najua alikupenda. Amefariki lini?"

"Kafariki nani?" Bi Rukaiya aliunyofoa mkono wake. "Hebu chomeka ule waya wa dirishani, spika ya getini isikike kabla giza halijaingia. Mie na udhu wangu huu, nifuge mbwa?"