Watoto Wote Wako Karibu

Dorthe alilijaribu lile sharti la programu kwa mara nyingine, na kompyuta, bila haya, ikajibu: kweli.

Sharti lilisema kwamba mzee ambaye watoto wake wote wanaishi karibu naye asipelekewe mhudumu wa manispaa wa kumsaidia nyumbani. Mzee wa mji wa Odense aliyelalamika kunyimwa mhudumu hakuwahi kuzaa. Kwenye kumbukumbu zake za kompyuta, mahali pa watoto palikuwa na mabano mawili, katikati hamna kitu.

"Hebu njoo uone," Dorthe alimwita bosi. "Huyu hana mtoto, na programu yetu inasema wote wako karibu."

Bosi aliinama akitafuna mkate mweusi, chembe zikadondoka kwenye kibodi. "Haya, nionyeshe mtoto wake hata mmoja anayeishi mbali."

"Hayupo."

"Basi wote wako karibu! Mantiki ndiyo hiyo, bibie. Kwani hesabu ulisomea wapi?"

Chumba kizima kikacheka. Dorthe alizipangusa zile chembe kwa kidole, taratibu, mpaka kibodi ikawa safi.

"Kama unamwonea huruma hivyo," bosi akasema, "si umpigie simu?"

"Nampigia tangu asubuhi," Dorthe akasema. "Inaita tu."