Mara Tatu Barazani

Kanuni hiyo aliitunga Nzowa mwenyewe, mwanasheria wa ofisi ya msajili: kesi isifutwe kabla mdai hajaitwa mara tatu barazani. Leo karani anayeita majina alikuwa amekauka sauti, ikabidi Nzowa atoke kuita mwenyewe.

"Mwasiti Kombo!"

Akaita tena. Alipoita mara ya tatu, bibi mmoja kwenye benchi akaitika, "Abee!"

Nzowa akashusha pumzi. "Ndiye wewe, mama?"

"Si mimi, mwanangu. Siku nyingi sijaitwa na mtu. Imenitoka tu."

Kesi ikafutwa. Jioni, watu wote wameshaondoka, Nzowa akamkuta yule bibi bado ameketi palepale. Akamuuliza jina lake, akarudi mlangoni, akaliita kwa sauti yake yote.

Bibi hakuitika. Alijitanda kanga vizuri, akatulia, akingoja aitwe mara ya pili.