Afande Gidudu Ajihoji

Afande Gidudu aliuliza swali, akaweka kalamu chini, akainuka, akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha mshukiwa na kulijibu. Jibu halikumridhisha. Akazunguka tena kurudi upande wake, akaliuliza upya.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, sebuleni kwake, kwenye nyumba za polisi mjini Jinja. Jirani yake, Konstebo Otim, alikwisha kuchungulia dirishani mara mbili, akamwona afande akihamahama viti peke yake, akaenda zake. Mambo ya wakubwa hayo.

Siku chache nyuma, maofisa waliotimiza miaka hamsini waliitwa semina. Mama mmoja mwenye miwani aliwaambia kwamba katika umri huo mtu inampasa akae peke yake kila siku ajitafakari: yeye ni nani, amefanya nini, amemkosea nani. Wenzake walikula kuku wa semina, wakasahau. Gidudu naye angesahau, lakini aliporudi nyumbani alimkuta mkewe, Docus, amefunga virago.

"Baba Racheal, mimi nakwenda kwa mama, Mbale," Docus alisema bila kumtazama. "Nyumba hii imenishinda. Kila mtu ajiangalie moyo wake."

Gidudu alijua moja kwa moja kwamba ni ile barua.

Miaka miwili iliyopita binti yao wa pekee, Racheal, alipata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Lira. Chuo kilisema barua ya kumwita ilitumwa kwa basi, kwa jina la baba yake. Barua haikuonekana, na nafasi akapewa mwingine. Racheal akahamia Nakaloke kuuza nyanya, na tangu hapo hajapokea simu ya baba yake hata mara moja. Sasa mke naye kaondoka. Gidudu aliumia sana, na kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, akaogopa pia.

Basi akaanza kujitafakari kwa njia aliyoijua. Alikuwa mpelelezi kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mshukiwa aliyewahi kumaliza siku kumi mbele yake bila kukiri. Alijihoji kwa Kiswahili cha kambini, maana kwa Kigisu, lugha ya nyumbani, angejihurumia.

"Barua iko wapi?"

"Mimi hapana ona barua, afande."

"Nyinyi wote nasema hivyo."

Siku ya kwanza na ya pili mshukiwa alikana. Siku ya tatu akanyimwa chai. Siku ya nne akaambiwa kwamba kila kitu kinajulikana, ni yeye tu anayejichelewesha. Siku ya tano aliulizwa swali moja mara arobaini, na sauti yake ikaanza kutetemeka. Siku ya sita akakumbuka bahasha. Ya kaki. Siku ya saba akakumbuka mvua, na koti, na mfuko wa koti uliotoboka. Siku ya nane akakumbuka mahali penyewe: Wanyange, alikokwenda kumkamata mtu, na jinsi alivyogundua kwamba bahasha imeanguka, akaona haya kusema.

Siku ya tisa alikiri. Kurasa kumi na nne, kila ukurasa na sahihi yake. Gidudu alilia kwenye kiti kimoja, akahamia cha pili, akampa mshukiwa leso.

Asubuhi alipiga sare pasi, akapanda basi la Mbale. Njia nzima alijisikia mwepesi. Yule mama wa semina alisema kweli, kumbe mtu akijitazama vizuri anajiona.

Huko Nabuyonga, mtaa wa Mbale, mama mkwe alipomwona akikata kona alitoka kwa mlango wa nyuma, maana kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Docus akabaki peke yake mbele. Alipoiona sare na faili, alishika mwimo wa mlango.

"Umejua?" akauliza.

"Najua yote."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimemhoji mwenyewe mpaka amesema."

Docus aliketi pale pale kizingitini. Gidudu akafungua faili, akasimama wima, akamsomea maelezo ya mshukiwa kwa sauti ya mahakamani, bila kuruka neno. Docus alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Gidudu alipofika kwenye bahasha, Docus aliinua kichwa. Alipofika kwenye mvua, alifumbua kinywa. Alipofika kwenye mfuko uliotoboka, machozi yalimtoka Docus, na Gidudu akafurahi moyoni, akijua kwamba ameanza kusamehewa.

"Mpigie Racheal," alisema alipomaliza. "Simu yako atapokea. Mwambie baba yake amekiri. Akitaka, nitakwenda Nakaloke nimsomee na yeye, hata mbele ya watu wa sokoni."

Docus alizipokea zile karatasi, akazifunua moja moja, akitazama sahihi.

"Baba Racheal," akasema hatimaye, kwa Kigisu, taratibu, "wiki ile wewe ulikuwa kazini Soroti. Dereva wa basi aliileta bahasha nyeupe mpaka mlangoni, akanipa mimi. Sikutaka mtoto wangu aende mbali, nikaitia kwenye sigiri ikaungua yote. Wewe barua ile hata kuiona hukuiona."