Sahihi ya Fundi Makame

Tangu mkono wa baba yake upooze, Zamzam ndiye aliyechora mabango yote ya mji. Pembeni mwa kila bango aliandika "Fundi Makame", kwa mwandiko uleule wa mzee, wateja wasijue.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti chuoni, alikopata nafasi ya kusomea shahada ya sanaa na usanifu.

"Baba, nataka nikasome."

"Ujifunze nini tena, mwanangu? Mji mzima unaisifu kazi yako."

"Wanaisifu yako, baba."

Mzee alimsogezea kopo la rangi kwa mkono uliobaki mzima.

Mlango uliofungwa ukagongwa. "Fundi, bango langu la kinyozi tayari?"

"Bado sahihi tu," mzee akajibu.

Zamzam aliandika "Fundi". Brashi ikasita hewani, na tone jeusi likaanza kuvimba kwenye ncha yake.