Daktari wa Bonge

"Mbebe! Nimesema mbebe, asishuke ngazi!"

Sauti ya seremala mstaafu ilitoka dirishani ikamkuta binti yake mlangoni, mkoba begani, tayari amechelewa kazini. Binti aliweka mkoba chini, akamkumbatia Bonge kwa mikono miwili na kushuka naye ngazi za barazani, blauzi ikijaa manyoya ya rangi ya asali. Bonge alikuwa mtoto wa mbwa, lakini wa jamii ya retriva wakubwa, ambao utoto wao uko kwenye umri tu. Nyayo zake zilionekana kama amevaa viatu vya kaka yake.

"Baba, huyu ni gunia zima!"

"Ndiyo maana umbebe. Mwili umetangulia, mifupa bado iko njiani. Hukumsikia daktari?"

Alimsikia sana. Yeye ndiye aliyemleta daktari, kama alivyomleta mbwa.

Baba alipotoka hospitalini baada ya kuanguka kutoka juu ya paa na kuumia nyonga, alikaa kwenye kiti cha sebuleni akaota kutu kama msumari. Akiambiwa anyooshe miguu, alijibu kwamba miguu yake imenyooka tangu azaliwe. Mtaalamu wa mazoezi aliyetumwa nyumbani alirudi alikotoka huku kandambili ikimfuata mgongoni. Ndipo siku moja binti akaja na kikapu, na ndani ya kikapu kitu kinalia.

"Nitunzie tu, Baba, mpaka nipate mtu wa kumchukua."

Mtu huyo hakuonekana. Badala yake kila Jumamosi alikuja daktari, kijana mpole mwenye shati jeupe pe, na masharti yake yakawa sheria ya nyumba.

"Mbwa mkubwa hulelewa polepole, mzee," alisema. "Matembezi mafupi, mara kadhaa kwa siku. Kwenye nyasi, si kwenye lami. Asiruke, asikimbizwe. Akianza kuchoka, kaeni chini mpumzike. Mkiona mmezoea, mtaongeza kidogo."

Kisha alisimama pembeni mwa ua, mikono nyuma.

"Hebu tembea naye hadi kwenye lango. Taratibu. Sasa geuka. Rudi."

Mzee alikwenda na kurudi, kamba mkononi, Bonge akinusa kila jani. Daktari aliwatazama ameinamisha kichwa.

"Analala vizuri?"

"Kama mlevi."

"Akiamka, hakuna kukakamaa?"

Mzee alifikiri. "Asubuhi, kidogo."

"Ni kawaida. Kutapungua."

Kukapungua. Mzee na Bonge wakawa wanaonekana uwanjani asubuhi, mchana na jioni, wawili hao wakienda kwa mwendo wa bibi harusi. Watoto wa mtaani wakirusha mpira juu ili Bonge audake, walifokewa: "Uviringisheni chini! Akiruka akaanguka vibaya, mtamnunulia nyonga dukani?" Mwisho mzee akafungua karakana yake, ambayo hakuikanyaga tangu aanguke, akaranda mbao na kutengeneza mteremko pembeni mwa ngazi. Binti alipouona, alijifungia jikoni akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha Alhamisi moja akaja kaka yake binti, yule ambaye nyumbani wanamwita Upepo. Alimkuta Bonge anasinzia, akamhurumia.

"Mbwa mkubwa namna hii mnamlea kama yai!"

Akamfunga kamba kwenye baiskeli, akatimka naye barabarani.

Mzee alipopata habari hakungoja kuitiwa mtu. Alitoka kwa miguu yake hadi kona ya mbali, akamkuta Bonge amelala kando ya lami, ulimi nje, mguu mmoja wa nyuma haukanyagi. Alichomwambia mwanawe hapo, jirani zake walikirudia siku nyingi, lakini si mbele ya watoto.

Jumamosi daktari alipofika, Bonge alikuwa juu ya mkeka, hata mkia hautikisi. Mzee alikuwa ameketi kando yake, uso umekunjamana.

"Nyonga hiyo, daktari. Ipapase. Niambie imevunjika au haikuvunjika."

Daktari alimtazama binti. Binti alitazama dari.

Daktari akapiga magoti, akanyoosha mkono. Bonge akaulamba. Daktari akaurudisha upesi kama ameshika pasi ya moto.

"Vipi? Unamwogopa?"

"Hapana, mzee. Ila... wagonjwa wangu kwa kawaida hawalambi."

"Basi mpapase. Anaumia huyu."

Binti aliona maji yamefika shingoni. Akisema, baba atarudi kwenye kile kiti na hatainuka tena. Akinyamaza, mnyama asiye na kosa ataendelea kuteseka. Alimtazama Bonge, Bonge naye akamtazama kwa macho yale yale ya kikapuni.

"Baba," alisema, "kuna jambo nilikuficha. Huyu daktari..."

"Tulia, mwanangu. Daktari wa mifugo huja Ijumaa, wewe ukiwa kazini. Jana kamwona Bonge, kasema ni msuli tu, apumzike."

Mzee akainuka bila kushika kitu, akamgeukia yule kijana aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Haya, daktari wa watu, mwache mbwa. Nyonga yangu inaendeleaje?"