Hata Mmoja

"Hata mmoja?" mfasiri aliuliza kwa mara ya pili.

Mzee aliyekaa mbele yake alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Hata moja! Ishu moja, ishu mbili. Mfasiri mzima, Kiswahili kinakupiga chenga?"

Mfasiri hakucheka. Aliisogeza fomu karibu na mzee, akaweka kidole kwenye nafasi ya jibu. Swali lilikuwa la Kiingereza, la maneno matano tu, na la mwisho lilikuwa "issue".

Neno hilo alikwisha kulitafsiri mara tatu tangu asubuhi. Kwenye jarida la hospitali lilikuwa toleo. Kwenye barua ya ghala lilikuwa mgawo wa sare. Kwenye malalamiko ya mpangaji lilikuwa tatizo, na hilo ndilo kila mtu analolijua, maana hata asiyejua Kiingereza hushinda akisema hakuna ishu.

Mzee alikuwa amekuja na bahasha nene kutoka kwa wakili. Kaka yake, fundi mitambo aliyefia ng'ambo, alikuwa ameacha wosia. Nyumba ya kaka huyo, yenye vyumba kumi, mzee ndiye aliyeiangalia na kuipangisha kwa miaka thelathini, mpaka mtaa mzima ukamwita Mwenye Nyumba na yeye mwenyewe akaamini.

"Nisomee haya maswali manne tu," alisema alipoingia. "Hizo kurasa nyingine wakili atanisomea bure."

Mfasiri alizisoma zote hata hivyo, kimya kimya, huku mzee akilalamikia feni. Alikuwa amemtambua tangu mlangoni. Mzee hakumtambua. Si rahisi kumtambua mtu uliyemwona mara ya mwisho akiwa na miaka sita, amekumbatia sufuria kwenye mvua, huku mama yake akiburuta godoro nje ya geti na wewe umesimama barazani unapaza sauti majirani wasikie: "Na usirudi hapa na maneno yako!"

Kikohozi alichokipata mama wiki ile hakikumwacha mpaka kilipomzika.

"Sasa nijibu nini?" mzee aliuliza.

"Jibu ni lako. Wanataka kujua kama una ishu yoyote."

"Mimi sina ishu na mtu." Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa NONE, kisha akatia sahihi yenye mkia mrefu. "Hicho Kiingereza nakijua. Wala usinichaji."

Alipoondoka, mfasiri alifunga mlango, akarudi kwenye kiti chake. Alijaa furaha, na furaha yenyewe hakuionea haya.

Siku ya tatu mlango ulisukumwa kwa bega. Mzee aliingia anahema, shati limemganda mgongoni.

"Umeniua, wewe binti! Inuka twende kwa wakili ukamwambie ulivyoniambia!"

Wakili, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwakalisha wote wawili. Alieleza kwamba katika wosia neno lile halina uhusiano na tatizo. Maana yake ni mtoto wa kumzaa. Marehemu alikuwa ameagiza nyumba iende kwa mtoto wa mdogo wake. Kama mdogo wake hana mtoto, iuzwe, na fedha zipewe hospitali.

"Nawe umeandika kwa mkono wako kwamba huna," wakili alimwambia mzee. "Jumatatu dalali ataanza kuleta wanunuzi. Utahitaji kutafuta pa kuishi."

"Lakini ninaye!" Mzee alipiga meza. "Ninaye mtoto, mheshimiwa! Huyu kaniuliza ishu, ishu, mimi nikajua ni ugomvi!"

"Nilimuuliza kama hana hata mmoja," mfasiri alisema taratibu. "Nikarudia."

Wakili alimtazama mzee juu ya miwani yake. "Mtaa mzima unasema hujawahi kupata mtoto."

"Wanasema nilivyowaambia mimi." Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Nilizaa na mwanamke mmoja, mtoto wa kike. Nilikuwa naposa kwingine, sikutaka mzigo. Nikamkana mbele za watu, nikamwita mama yake mwongo. Yeye hakusema uongo. Ni damu yangu yule, naapa!"

Mfasiri aligeukia dirishani. Kisha akautazama tena uso wa mzee.

"Kwa mdomo haitoshi," wakili alisema, akasukuma karatasi nyeupe. "Futa tamko lako la kwanza kwa maandishi. Jina la mama, mwaka aliozaliwa mtoto, na jina la mtoto."

Mzee aliandika harakaharaka, kama mtu anayekimbiza basi. Jina la mtoto halikumpa shida, kwa kuwa lilikuwa la mama yake mzazi. Akatia sahihi. Wakili akasoma, akagonga mhuri, kisha akainuka kutafuta faili kabatini.

Mzee alishusha pumzi, akamwinamia mfasiri na kumnong'oneza. Hasira ilikuwa imekwisha, na sasa alionekana kuridhika kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Nitamtafuta. Watoto wa namna hiyo ni wepesi. Nitamwita mwanangu mara mbili tatu, naye ataniachia nyumba niendelee kuiangalia kama kawaida."

Mfasiri alifungua mkoba wake. Akatoa kitambulisho, akakilaza juu ya karatasi, jina lake likawa chini kidogo tu ya lile ambalo wino wake ulikuwa haujakauka.

"Naomba funguo, baba."