Kipimo Namba Tisa

Maji ya bwawa la Katubuka yalipopungua, Verediana, fundi wa mitambo ya tahadhari, alifungua sanduku la king'ora cha mafuriko akachomeka kompyuta yake. Mzee aliyefiwa na mkewe kwenye mafuriko alisimama nyuma yake, suruali imeganda tope.

"Mbona king'ora hakikulia? Kipimo cha maji cha bwawani kiliharibika, mwanangu?"

Verediana alisoma anwani za vipimo ambazo mtambo wa king'ora uliruhusiwa kuzisikiliza. Saba, nane, kumi. Tisa, ya kipimo cha bwawani, haikuwamo. Aliitoa mwenyewe mwezi uliopita, ilipokuwa ikileta tahadhari za uongo, akasahau kuirudisha. Kumbukumbu za kipimo zilionyesha kuwa kilituma tahadhari tangu alfajiri hadi kilipozama.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta kumbukumbu hizo.

"Hapana, mzee," alisema. "Kiliita. Mimi ndiye niliyeuzuia mtambo usikisikie."

Mzee aliinamia kompyuta.

"Kiliita mara ngapi?"